Pumzi Iliyobaki Safinani



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili mvua haikutupa nafasi. Ninyi mnaoishi huku uwandani hamhitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya wana wa Kyela walio mbali, na wale wasiopajua kwetu, tukumbushe kidogo. Mawingu yanayopanda kutoka Ziwa Nyasa hukutana na Milima ya Livingstone upande wa mashariki na milima ya Rungwe upande wa kaskazini, yakashindwa kupita, yakautua mzigo wake papo hapo. Kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua. Maji ya milimani nayo hushuka kwa mito yetu, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote ikielekea ziwani, na yote ikipita katikati yetu. Mvua hiyo ndiyo itupayo mpunga unaosifiwa nchi nzima kwa harufu yake, tena ndiyo itupayo kakao na ndizi. Na mvua hiyo hiyo, ifikapo Machi na Aprili, ndiyo inayoingia majumbani mwetu bila kubisha hodi.

Usiku wa Jumatatu, mvua ikipiga bati kwa nguvu kiasi cha kutuzuia kusali sala ya jioni kwa sauti, tulikaa gizani tukasikiliza muziki katika simu. Tulikuwa tumetumiwa na kijana mmoja wa parokia yetu aliyeko masomoni Ulaya, ambaye huko amejifunza kupiga tarumbeta. Aliandika maneno machache tu: “Baba Paroko, hii ni habari ya Nuhu. Haina maneno. Sikiliza hadi mwisho.”

Muziki huo unaitwa Noah’s Ark, yaani Safina ya Nuhu. Aliutunga Bert Appermont, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1973, naye aliutunga mwishoni mwa miaka ya 1990 akiwa bado kijana. Haukutungwa kwa ajili ya kwaya wala kwa ajili ya vinanda vya nyuzi, bali kwa ajili ya bendi ya ala za kupuliza: filimbi, klarineti, saksafoni, tarumbeta, tromboni na tuba, pamoja na ngoma na matoazi. Hapa tusielewe vibaya neno bendi. Hatusemi bendi ya dansi yenye magitaa, bali bendi ya namna ile tunayoiona ikiongozwa na askari siku ya sherehe za taifa, ila hii hukaa ukumbini, na watu huja kuisikiliza kama waisikilizavyo hotuba.

Una sehemu nne. Ya kwanza ni Ujumbe: Mungu anamwambia Nuhu yatakayokuja. Ya pili ni Maandamano ya Wanyama, wakiingia safinani. Ya tatu ni Dhoruba. Ya nne ni Wimbo wa Matumaini. Tulisikiliza hadi mwisho kama tulivyoagizwa, kisha tukarudia tena. Na ilipofika dhoruba kwa mara ya pili, hatukuweza tena kutofautisha ngoma za ukumbini na mvua iliyokuwa juu ya bati letu. Hapo tukakumbuka jambo ambalo tumelibeba kwa miaka mingi, na ambalo leo tunataka kuwaambia, kwa sababu padre naye hana budi kuungama.

Ilikuwa masika, siku za mwanzo za utume wetu huku. Mto ulikuwa umevunja kingo zake usiku wa Ijumaa. Dominika asubuhi tulifika kigango kimoja cha bondeni tukiwa tumelowa, baada ya kuiacha pikipiki njiani na kutembea majini. Tulivaa mavazi ya ibada, tukaanza Misa, tukahubiri. Tulikuwa tumejiandaa vizuri. Tulihubiri juu ya Nuhu. Tulisema kwamba watu wa wakati ule walikula, wakanywa, wakamsahau Mungu, na maji yakawajia; tukasema kwamba nasi, maji yanapotujia, tujiulize tumefanya nini. Tulisema kwa sauti kubwa, kwa maana tuliona kwamba watu wametulia wakitusikiliza.

Katika benchi la tatu alikuwapo mama mmoja wa makamo. Katikati ya mahubiri alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akatoka nje, akaenda zake mvuani. Tulidhani ana dharura. Baada ya Misa katekista alitushika mkono, akatupeleka pembeni, akatuambia kwa upole: “Baba, yule mama mjukuu wake alichukuliwa na maji juzi usiku. Mtoto wa miaka tisa. Bado hajapatikana.”

Wapendwa, hatukuuliza. Hilo ndilo kosa letu. Tulifika, tukavaa, tukaadhimisha, tukahubiri. Tulikuwa na maneno mengi mazuri ya kuwapa watu wa Mungu, na hatukuwa na nafasi ya swali moja dogo: habari za hapa?

Mtoto alipatikana Jumatatu, akazikwa Jumanne. Upande mmoja wa ukoo ule ni Wamoraviani, na bila kuitwa na sisi, bendi yao ya matarumbeta ilikuja msibani. Tuliwaona wakitokea mbali, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakivuka maji na ala zao wamezibeba juu ya vichwa, shaba ikimetameta chini ya mawingu. Walipofika hawakusema neno. Walifuta midomo ya tarumbeta zao kwa mashati, wakasimama nyuma ya jeneza, wakavuta pumzi wote kwa pamoja, wakapuliza.

Sisi tulikuwa na karatasi ya mahubiri mfukoni. Hatukuitoa. Tulisoma Injili, tukasali sala za mazishi kama Kanisa linavyotuelekeza, tukanyunyizia maji ya baraka, tukanyamaza. Na yule mama, ambaye tangu Ijumaa hakuwa ametoa chozi, aliposikia tromboni ile nzito ikishuka chini, alilia. Alilia kwa sauti, na wanawake wote wakalia naye, na bendi haikunyamaza bali iliendelea kupiga, ikiwa imembeba.

Majirani zetu hawa hawakuanza jana. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin wakaanza kazi katika nchi hii ya Wanyakyusa, wakashuka baadaye hadi Ikombe na Matema kando ya ziwa. Wote wawili walitoka katika nchi ambako kanisa na tarumbeta ni ndugu. Kule Herrnhut, chimbuko la Wamoraviani nchini Ujerumani, tangu mwaka 1732 walikuwa na desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka kumngojea Mfufuka, na katika jumuiya zao matromboni yalitumika kuwatangazia watu kwamba ndugu fulani ameitwa nyumbani. Kwao, basi, tarumbeta si pambo la sherehe. Ni ala inayojua njia ya makaburini.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wageni peke yao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vijana wa pwani za Ziwa Nyasa waliokuwa wameziona bendi za askari walitengeneza bendi zao wenyewe kwa vibuyu. Walikitoboa kibuyu, wakaliziba tundu kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake, na sauti ikatoka ikinguruma kama ya tarumbeta. Upande wa Malawi huita malipenga. Kwa ndugu zetu wa Liuli na Mbamba Bay ni mganda. Tazameni busara ya watu wa ziwa: hawakuwa na shaba wala fedha ya kuinunulia, lakini walitambua kwamba bendi si shaba, bendi ni pumzi. Ukiwa na pumzi na utando wa buibui, umekwisha kuwa na bendi.

Neno hilo, pumzi, ndilo lililotufanya tufungue tena Kitabu cha Mwanzo usiku ule wa Jumatatu, kwa mwanga wa tochi. Tulisoma sura ya 6 hadi ya 9 polepole, tukitafuta mambo mawili.

La kwanza: Nuhu anasema nini? Tuliwahi kuhubiri juu yake mara nyingi, na tukamweka kinywani maneno mengi ya kuwaonya majirani. Lakini ukisoma habari yenyewe, Mungu anasema na Nuhu anatenda. Anaambiwa ajenge, anajenga. Anaambiwa aingie, anaingia. Maji yanapanda, siku arobaini zinapita, safina inatua juu ya milima ya Ararati, anatuma kunguru, anatuma njiwa, anatoka, anajenga altare, anatoa sadaka; na katika hayo yote Maandiko hayatuandikii neno lake hata moja. Nuhu anafungua kinywa chake kwa mara ya kwanza katika Mwa 9:25, gharika ikiwa imekwisha pita zamani, na neno lake la kwanza, kwa bahati mbaya, ni laana. Wakati wa maji alinyamaza. Mtunzi yule wa Ubelgiji alipotuletea Nuhu asiye na maneno hakupunguza kitu katika habari. Aliipokea kama ilivyo.

La pili: pumzi iko wapi? Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai puani, mtu akawa nafsi hai (Mwa 2:7). Gharika ilipokuja, Maandiko hayasemi tu kwamba watu walikufa. Yanasema kwamba kila chenye pumzi ya uhai puani mwake katika nchi kavu kilikufa (Mwa 7:22). Gharika ni siku ambayo pumzi iliondolewa duniani, na iliyobaki ilikuwa imefungiwa ndani ya sanduku la mbao juu ya maji. Kisha linakuja neno ambalo kwa miaka mingi tulilipita bila kuliona: Mungu akamkumbuka Nuhu, akapitisha upepo juu ya nchi, na maji yakaanza kupungua (Mwa 8:1). Katika Kiebrania neno la upepo na neno la roho ni moja. Dunia ilipona Mungu alipovuta pumzi tena.

Ndiyo maana tunadhani kwamba habari hii, kuliko nyingine nyingi, inastahili kusimuliwa kwa ala za kupuliza. Mpiga tarumbeta hutoa kile kilichookolewa safinani. Hutoa pumzi yake mwenyewe, kidogo kidogo, na akitaka kuendelea hana budi kunyamaza kidogo na kuvuta nyingine. Kumbukeni pia kwamba Bwana wetu jioni ya Ufufuko, alipowakuta wanafunzi wake wamejifungia kwa hofu kama watu waliomo safinani, aliwavuvia (Yn 20:22). Na Askofu katika Misa ya kubariki mafuta hupulizia chombo cha Krisma kabla ya kuiweka wakfu. Kanisa halijaacha kupuliza.

Twende basi kwenye jambo linalotuhusu sote. Mvua ya mwaka huu haijaisha, na kila masika baadhi yetu hupoteza mpunga, wengine nyumba, wengine mtu. Nasi, kwa haraka ya kutaka kuonekana tunaye Mungu, huwaendea na maneno. “Ni mapenzi ya Mungu.” “Kuna sababu.” “Tutubu.” Mkumbukeni Ayubu: rafiki zake walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno (Ayu 2:13), na hizo zilikuwa siku zao njema. Walipoanza kueleza ndipo walipokosea, na mwisho Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Na Bwana wetu, alipozungumza juu ya watu waliokufa kwa msiba, alikataa katakata kwamba waliangukiwa na mnara wa Siloamu kwa kuwa walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4). Alitaka watu watubu, naam, lakini hakukubali marehemu wageuzwe kuwa mfano wa mahubiri. Sisi tuliwageuza. Tulisoma Injili ile seminarini na bado tuliwageuza.

Hatusemi kwamba kunyamaza ni kukaa bure. Nuhu aliyenyamaza alikuwa na msumeno mkononi. Anayenyamaza kwa upendo abebe debe la mchele, kipande cha bati, jembe la kuzibulia mfereji. Na akiwa hana, abebe pumzi yake akae karibu. Mtume Paulo anatuagiza tulie pamoja nao waliao (Rum 12:15), na anatufariji kwamba pale tusipojua kuomba ipasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikotamkika (Rum 8:26). Tangu siku ya mazishi yale, kila tusomapo maneno hayo tunasikia tromboni.

Vijana wetu wamekuwa wakituomba kwa muda mrefu ruhusa ya kuanzisha kikundi cha matarumbeta, na baadhi ya wazee wa Halmashauri wamesita, wakiona ni mambo ya makanisa mengine na ni gharama. Juu ya gharama wana haki, na hatutanunua ala hata moja kabla ya kuwaezekea wale waliobomokewa. Lakini juu ya lile la kwanza, Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1963 uliheshimu kinanda cha filimbi kuliko ala zote, kisha ukaacha mlango wazi kwa ala nyingine zinazofaa kwa ibada, kwa idhini ya wenye mamlaka (Sacrosanctum Concilium, 120). Na juu ya kuazima kwa majirani, sisi tumekwisha azima tayari. Siku ile ya mazishi tuliazima kutoka kwao kitu ambacho hatukuwa nacho.

Tumalizie kwa yule mama. Baada ya mazishi yale tulimwendea kumwomba radhi, naye alitupokea, akatupa kigoda, akasema: “Baba, siku ile maneno yako yalikuwa mengi.” Basi. Hakusema tena juu ya jambo lile, na Dominika iliyofuata alikuwa katika benchi lake la tatu.

Siku hizi ni bibi, na macho yake ni hafifu. Jumatano, mvua ilipotulia kidogo, tulikwenda kwake na simu, tukamwambia kwamba tuna muziki wa habari ya Nuhu, kama angependa kuusikia. Alikubali. Wanyama walipoandamana alicheka. Dhoruba ilipokuja alishika ukingo wa kigoda chake kwa mikono miwili, nasi tukataka kuizima simu, akatuzuia kwa kichwa. Ilipoanza sehemu ya nne, ile ya polepole, aliinamisha sikio.

“Sasa wametoka?” akauliza.

“Ndiyo, Bibi. Wametoka.”

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha, baada ya kimya kirefu, akauliza tena: “Na wale wengine, Baba?”

Wapendwa, tulielewa anamuuliza nani. Tulijua pia lipo neno katika Maandiko: Mtume Petro anasema kwamba Kristo aliwaendea roho waliokuwa kifungoni, wale wa siku za Nuhu, akawahubiria (1 Pet 3:19-20), na Kanisa linakiri katika Imani ya Mitume kwamba alishuka kuzimu. Hakuna kina cha maji ambacho Bwana wetu hakukifikia kumtafuta mtu wake. Tunaliamini neno hilo, na tunawaachia mlitafakari juma hili. Lakini kwake siku ile hatukulisema papo hapo. Tulikaa naye kwanza. Tulivuta pumzi, naye akavuta pumzi, na mvua ikaanza tena taratibu juu ya migomba. Baada ya muda ndipo tulipomwambia, kwa sauti ndogo, maneno machache. Aliitikia kwa kichwa, akasema: “Kyala anajua.” Akaomba tuupige wimbo ule tena.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemkumbuka Nuhu juu ya maji, uwakumbuke walio majini usiku huu. Utupe vinywa vinavyojua kunyamaza, na pumzi inayotosha kwa ajili ya wenzetu. Uwapokee waliozama, uwafariji waliobaki. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni juma lenye baraka na makazi makavu. Mtakapomtembelea jirani aliyeingiliwa na maji, ulizeni kwanza habari za hapo.